Rejeta Isiyopoza: Ufafanuzi wa Hitilafu za Mfumo wa Kupashia Nyumba Joto kwa Wazungumzaji wa Kiswahili Waliotoka Wingwi, Pemba

IKISIRI

Makala hii inafafanua namna ya kutambua hitilafu za mfumo wa kupashia nyumba joto kwa maji ya moto, kwa kutumia maarifa na msamiati ambao mzungumzaji wa Kiswahili aliyekulia Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, tayari anao. Mfumo huo haupo Wingwi, lakini wapo watu wa Pemba wanaoishi nao kila siku Uingereza na kwingineko katika nchi za baridi. Makala inashikilia kwamba ugumu wa kuufafanua kwa Kiswahili hautokani na upungufu wa maneno. Unatokana na mazoea ya kutafsiri maelekezo neno kwa neno bila kuanzia kwenye kitu ambacho msomaji amekwisha kukigusa. Mfano mkuu unaotumika ni rejeta ya gari. Makala inajadili pia sumu ya kaboni monoksaidi, unyevu wa nyumba na wajibu wa mwenye nyumba kisheria, kwa kuwa katika mambo hayo ufafanuzi mbaya unaweza kugharimu uhai.

1.0 Utangulizi

Wingwi hakuna nyumba yenye rejeta ukutani. Halijoto ya Pemba ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, hata katika miezi ya kipupwe, na shughuli kubwa ya mjenzi wa huko tangu zamani ni kulitoa fukuto nje: madirisha yanayoelekeana, paa la makuti linalopumua, baraza linalopokea upepo wa kusi. Mtu wa Wingwi anapolitaja joto, aghalabu analilalamikia. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, lilipendekeza nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba wakati wa baridi kwa nchi zenye majira ya baridi. Kwa hiyo kiwango ambacho Ulaya ni mpaka wa usalama, Wingwi hakifikiwi hata nje ya nyumba wakati wa alfajiri.

Tofauti hii ndiyo inayoufanya ufafanuzi uwe mgumu. Wazanzibari wamehamia Uingereza kwa vipindi mbalimbali, wakiwemo walioondoka baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Machafuko ya Januari 2001, ambayo Micheweni ilikuwa miongoni mwa mahali yalipotokea, yaliwafanya Wapemba zaidi ya 2,000 wavuke bahari hadi Shimoni, Kenya, na baadhi ya waliotoka kisiwani nyakati hizo na nyingine walifika Ulaya. Wengine wamekwenda kwa masomo, kwa ndoa au kwa kazi. Wote hukuta ukutani bati jeupe lenye mifuo, limeunganishwa kwa mabomba mawili, na hapana aliyewafundisha nyumbani kwao kwamba bati hilo linaweza kuugua.

Ni vyema ieleweke mapema kwamba wazo la kupasha jengo joto kutoka sehemu moja si geni kabisa Zanzibar. Hamamu ya Hamamni katika Mji Mkongwe wa Unguja, iliyojengwa wakati wa Sultani Barghash bin Said aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ilikuwa na chumba cha moto kilichopashwa kutoka chini ya sakafu. Hata hivyo, hamamu ilikuwa mahali pa kwenda kuoga, tena mjini. Haikuacha msamiati wowote ambao mtu wa shamba wa Pemba angeweza kuutumia leo mbele ya boila iliyozima usiku wa Januari.

2.0 Suala la Jina

Neno rejeta limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili, na gereji yoyote ya Wete au Chake Chake itakuelewa ukilitamka. Ni kile chombo cha mbele ya gari kinachopokea maji yaliyochemka kutoka kwenye injini na kuyapoza. Mzungumzaji wa Kiswahili amelipokea neno hili pamoja na kazi hiyo: rejeta ni kipoza. Anapofika ng'ambo na kuambiwa kwamba bati la ukutani linalotoa joto nalo ni rejeta, hudhani kuwa jina limekosewa.

Jina halikukosewa. Vyombo vyote viwili vinafanya kazi moja tu, ambayo ni kuyanyang'anya maji joto lake na kulimwaga hewani. Kwenye gari, aliye na haja ni injini, na haja yake ni kuondolewa joto; hewa inayolipokea haina mwenyewe. Nyumbani, aliye na haja ni mtu aliyekaa chumbani, naye anaitaka hiyo hewa. Tunachokiita kupoza na tunachokiita kupasha ni tendo lile lile likitazamwa kutoka pande mbili.

Kwa sababu hiyo makala hii inapendekeza kulibakiza neno rejeta kwa vyombo vyote viwili. Wapo watakaopendelea kikanza, kutokana na kitenzi kanza, yaani kupasha moto, na neno hilo lina uzuri wake, hasa kwa kuwa linapangika vizuri na kiyoyozi. Lakini kikanza lingemnyima msomaji daraja lenye manufaa zaidi. Mwenye kuijua rejeta ya gari anajua tayari kwamba maji huzunguka, kwamba kuna pampu inayoyasukuma, kwamba hewa ikiingia ndani mzunguko hukwama, na kwamba maji yakipungua mambo huharibika. Hayo ni zaidi ya nusu ya somo zima. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar yana kazi ya kusanifisha istilahi. Katika uwanja huu, kwa maoni ya mwandishi, gereji imekwisha kuyatangulia, na si aibu kuifuata.

Ipo tahadhari moja ya kimsamiati inayohusu Zanzibar peke yake. Bara, bomba ni lile linalofunguliwa na kutoa maji. Zanzibar hilo ni mfereji, na bomba ni mwanzi wa chuma au plastiki unaopitisha maji. Makala hii inafuata matumizi ya Zanzibar. Maelekezo yasiyotofautisha maneno haya yanaweza kumfanya msomaji afungue kisichopaswa kufunguliwa.

3.0 Mzunguko wa Maji

Kitovu cha mfumo ni boila, ambayo katika nyumba nyingi za Uingereza huchoma gesi. Boila huyapasha maji, pampu huyasukuma katika bomba la kwendea, maji hupita katika kila rejeta, kisha hurejea kwenye boila kwa bomba la kurudia yakiwa yamepoa kiasi. Maji hayo hayatumiwi wala hayanywewi. Ni yale yale mwaka mzima, kama maji ya ndani ya rejeta ya gari. Maji ya kuogea ni mengine. Boila nyingi za siku hizi huyapasha yote mawili kwa zamu: mfereji wa maji ya moto ukifunguliwa, valvu ya njia tatu iliyo ndani ya boila hulielekeza joto kwenye maji ya mfereji, na ukifungwa hulirudisha kwenye rejeta. Valvu hiyo ina nafasi kubwa katika utambuzi wa hitilafu, kama itakavyoonekana.

Kila rejeta ina valvu mbili chini, moja kila upande. Ya kwanza aghalabu ina kichwa chenye namba, ambacho ni themostati. Ya pili imefunikwa kofia ya plastiki na hurekebishwa kwa spana. Fundi huitumia kugawa maji ili rejeta zilizo karibu na boila zisizinyime zilizo mbali. Juu, kwenye pembe moja, kuna tundu dogo lenye skrubu ya mraba, ambalo ni mahali pa kutolea hewa.

Hapa ndipo mfano wa gari unapomponza aliyeufuata bila kuangalia. Themostati ya gari hufunguka maji yakipata moto, ili yaende kupozwa. Themostati ya rejeta ya nyumba hufunga chumba kikipata moto, ili kisizidi. Fundi wa magari hodari kutoka Pemba anaweza kuuelewa mfumo wote kwa dakika 10 kisha akakwama kwenye kichwa hiki kimoja. Namba zilizoandikwa juu yake nazo si nguvu ya moto kama zile za jiko la umeme. Ni kiwango cha joto la chumba kinachotafutwa, na namba 3 kwa kawaida hulenga karibu nyuzi 20. Kuiweka kwenye 5 hakukiharakishi chumba kupata joto hata kidogo; kunakifanya tu kisijue pa kukomea, na gesi iendelee kulipiwa.

Kwa kuwa kichwa hicho huisikiliza hewa iliyo karibu yake, kikifunikwa hudanganyika. Kanga au shuka iliyoanikwa juu ya rejeta hukizunguka kwa hewa ya moto, nacho huamini kuwa chumba kizima kimepata joto na kufunga maji. Familia hubaki inatetemeka ilhali hakuna kilichoharibika.

4.0 Kusoma Dalili kwa Mkono

Maelekezo mengi ya kiufundi huanza na sehemu za mtambo na kumalizia na dalili. Kwa msomaji ambaye si fundi, mpangilio huo umepinduliwa. Mama wa Wingwi anayempima mtoto homa huanza na mkono kwenye paji la uso, ndipo akafikiria sababu. Rejeta nayo husomeka kwa mkono, baada ya mfumo kuwashwa kwa muda wa kutosha, na kwa uangalifu kwani inaweza kuunguza. Maswali mawili yanatosha kuanzia: je, baridi iko kwenye rejeta zote au moja? Na ikiwa ni moja, iko juu, chini, au kote?

Rejeta iliyo baridi juu na moto chini ina hewa. Hewa ni nyepesi kuliko maji, hukusanyika juu na kuyazuia yasipafikie. Anayeishi mahali penye maji ya mgao anaifahamu hali hii vizuri: maji yanaporudi baada ya kukatika, mfereji hukohoa na kutema hewa kabla ya kutiririka. Mafundi wa magari husema gari limeingia upepo, na kuondoa hewa katika breki au katika njia ya dizeli ni kutoa upepo. Hapana sababu ya kutafuta istilahi nyingine. Kutoa upepo kwenye rejeta hufanywa mfumo ukiwa umezimwa na umepoa. Huwekwa kitambaa na chombo chini ya tundu, kisha skrubu huzungushwa kwa ufunguo wake kinyume cha saa, nusu mzunguko au pungufu, bila kuitoa kabisa. Husikika mlio wa hewa. Maji yakianza kutoka, hufungwa mara moja. Maji haya huwa meusi na hutia madoa yasiyotoka kwenye zulia, jambo ambalo maandishi mengi hulisahau na mwenye nyumba hasahau.

Baada ya kutoa upepo presha ya mfumo hushuka, na lazima itazamwe kabla ya kuwasha tena. Na ikiwa rejeta ile ile inataka kutolewa upepo kila baada ya wiki chache, hewa inatoka mahali. Huenda mfumo unavuta hewa, au huenda si hewa kabisa: chuma kikila kutu ndani ya maji huweza kuzalisha gesi ya haidrojeni, ambayo hukaa juu vile vile.

Rejeta iliyo moto juu na baridi chini, hasa katikati, ni habari nyingine. Hiyo ina tope. Chuma cha ndani kimeliwa na kutu nyeusi, na chembe zake nzito zimetuama kama machicha chini ya tui. Kutoa upepo hakusaidii kitu. Rejeta hufunguliwa na kuoshwa, au mfumo mzima husafishwa kwa maji yanayosukumwa kwa nguvu, kisha hutiwa dawa ya kuzuia kutu, na aghalabu huwekwa kichujio chenye sumaku kwenye bomba la kurudia ili kuzidaka chembe zitakazofuata. Hii ni kazi ya fundi. Katika nyumba ya kupanga, gharama yake si ya mpangaji.

Rejeta moja ikiwa baridi kote ilhali nyingine zina moto, mara nyingi kosa ni dogo. Chini ya kichwa chenye namba kuna pini inayopanda na kushuka. Baada ya miezi ya kiangazi, kichwa kikiwa kimefungwa muda wote, pini hukwama chini. Kichwa hufunguliwa kwa mkono, pini hubonyezwa taratibu kwa kitu bapa, nayo hupaswa kuinuka yenyewe. Isivutwe kwa koleo: ikichomoka, maji hutoka. Ikiwa pini iko sawa, huenda valvu ya upande wa pili imefungwa. Ikiwa rejeta za mbali na boila ndizo zinazochelewa na za karibu zinawaka, hakuna iliyoharibika. Mgao wa maji haukusawazishwa, kama shamba ambalo mwenye jaruba la juu huchukua maji yote.

Zikiwa zote baridi, mkono huhama kwenye rejeta na kwenda kwenye mfereji wa maji ya moto. Mfereji ukitoa maji ya moto na rejeta zote zikabaki baridi, boila inafanya kazi, na tuhuma huangukia valvu ya njia tatu iliyokwama, pampu, au themostati ya ukutani na saa ya kuwashia. Mfereji nao ukitoa maji baridi, tatizo liko kwenye boila au kwenye kile kinachoilisha. Kabla ya kumwita mtu, itazamwe mita. Nyumba nyingi za kupanga zina mita za kulipia kabla, na msomaji wa Zanzibar aliyezoea kununua umeme wa Tukuza hahitaji maelezo marefu hapo. Anachopaswa kujua ni kwamba gesi na umeme zina mita mbili tofauti, na boila ya gesi haiwaki bila umeme.

Usiku wa barafu kuna sababu nyingine ambayo mtu wa Pemba hawezi kuibuni kwa akili yake, kwa kuwa hajawahi kuona maji yakiganda ndani ya bomba. Boila za kisasa, ambazo England zilifanywa kuwa za lazima kwa nyumba nyingi kuanzia Aprili 2005, huupoza moshi wake hadi mvuke uliomo ugeuke maji, ili joto lake lisipotee. Maji hayo hutoka kwa bomba jembamba la plastiki, na bomba hilo likipita nje ya ukuta huweza kuganda. Maji yakikosa njia, boila hujizima. Tiba ni kulimwagia bomba hilo kwa nje maji ya uvuguvugu, si yanayochemka, kisha kuiwasha boila upya kwa kufuata kitabu chake.

5.0 Presha na Sauti

Kwenye boila kuna saa ya presha. Mfumo ukiwa umepoa, mshale kwa kawaida huwa kati ya bar 1 na 1.5, ukipata moto hupanda kidogo. Hupanda kwa sababu maji yakipashwa hupanuka: kutoka nyuzi 10 hadi 80 huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 3. Ndani ya mfumo kuna chombo maalumu cha kuupokea mpanuko huo, chenye utando wa mpira na hewa nyuma yake, mithili ya tairi. Hewa hiyo ikiisha, maji hayana pa kupanukia. Mshale hukimbilia 3, valvu ya usalama hufunguka, na maji hudondoka nje ya nyumba kwa bomba dogo la shaba. Mfumo ukipoa mshale huanguka sifuri. Asiyejua huongeza maji, kesho yake hali hujirudia, na kila maji mapya huleta oksijeni mpya na kutu mpya. Mshale unaopanda sana na kushuka sana kwa siku moja ni dalili ya chombo hicho. Unaoshuka polepole kwa wiki ni dalili ya uvujaji, na hapo hutazamwa chini ya kila valvu kama kuna alama ya kijani au ya kutu.

Kuhusu sauti, mbili zinatosha. Mlio wa maji yanayobubujika ndani ya rejeta ni hewa, na tiba yake imekwisha kutajwa. Mngurumo ndani ya boila, unaofanana na birika inayokaribia kuchemka, ni chokaa au tope lililoganda mahali moto unapokutana na maji. Maji ya London na ya kusini-mashariki mwa England yana chokaa nyingi, na anayetoka ardhi ya maweni hahitaji kuthibitishiwa. Ukoko mweupe ndani ya birika ya nyumbani kwao ulikwisha kumwonyesha.

6.0 Kaboni Monoksaidi

Yaliyotangulia ni usumbufu na gharama. Hili ni mauti, na ndipo makala hii inapowalaumu waandishi wa maelekezo wanaoliweka mwishoni kwa herufi ndogo.

Moto wowote unaokosa hewa ya kutosha huzalisha kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, rangi wala ladha. Boila mbovu huitoa. Jiko la mkaa huitoa wakati wote. Katika nyanda za juu za Tanzania, kama Njombe na Mbeya, habari za watu waliofariki kwa kulala na jiko la mkaa chumbani husikika miezi ya baridi inapofika. Pemba habari hizo si za kawaida, na sababu yake ni nyumba yenyewe: jiko liko uani au katika banda, na upepo hupita. Ukosefu huo wa msiba unaweza kumfundisha mtu somo la uongo, kwamba mkaa hauna madhara. Boila ikizima London katika nyumba iliyozibwa kila upenyo ili baridi isiingie, aliyekulia kwenye jiko la mkaa anaweza kuliona kuwa suluhisho la usiku mmoja. Mkaa usiwashwe ndani ya nyumba hiyo kwa hali yoyote, hata dirisha likiwa wazi.

Ugumu wa pili ni wa dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu: mtu wa Pemba akizipata hizo kwa pamoja hufikiri malaria au mafua, hunywa dawa na kulala, na kulala ndani ya gesi hiyo ndiko kunakoua. Tofauti zinazoweza kumwokoa ni mbili. Sumu huwapata wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na hupungua mtu akitoka nje na kurudi akirejea ndani. Tena sumu hii yenyewe haileti joto la mwili kama malaria. Mwenye kuishuku huzima vifaa vya gesi, hufungua milango na kutoka nje na watu wote, kisha hupiga simu akiwa nje. Namba ya dharura ya gesi kwa Uingereza bara ni 0800 111 999, na aliyezidiwa huitiwa gari la wagonjwa kwa 999. Dalili za kuonekana zipo pia, kama masizi au madoa ya kahawia kuizunguka boila, au mwali wa njano badala ya buluu pale unapoonekana, lakini boila nyingi za siku hizi zimefungwa na mwali hauonekani. King'ora cha kaboni monoksaidi hakina mbadala. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 mwenye nyumba England analazimika kukiweka katika chumba cha kukaa chenye kifaa cha kudumu kinachochoma mafuta au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia.

Kutokana na hatari hiyo, mpaka wa kazi ya mwenye kuishi ndani ya nyumba uko wazi. Kutoa upepo, kubonyeza pini, kuongeza presha kwa kufuata kitabu, kuyeyusha bomba lililoganda: hayo ni yake. Kuifungua boila si kwake, wala si kwa ndugu aliye fundi hodari wa magari. Kazi ya gesi Uingereza hufanywa na aliyeandikishwa katika rejista ya Gas Safe, ambayo tangu Aprili 2009 ndiyo inayotambuliwa kisheria, na kadi yake inaruhusiwa kuombwa mlangoni. Wageni wengi huona haya kumwomba fundi kitambulisho, kwa kuwa kwetu ni kama kumtuhumu. Huko hakuna anayelichukulia hivyo.

7.0 Unyevu na Wajibu wa Mwenye Nyumba

Nyumba isiyopashwa joto haibaki baridi tu. Pumzi za watu, mvuke wa wali na nguo zilizoanikwa ndani hutoa unyevu, nao hugeuka maji kwenye kuta baridi, na ukungu mweusi huota. Mpangaji huambiwa mara kwa mara kwamba ni yeye aliyeuleta, kwa mapishi yake na kwa nguo zake. Kufungua dirisha wakati wa kupika na kutoanika nguo juu ya rejeta kunasaidia kweli. Lakini chumba ambacho rejeta yake imejaa tope hakiponi kwa kufunguliwa madirisha.

Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale, kaskazini mwa England. Uchunguzi wa kimahakama uliomalizika Novemba 2022 ulibainisha kwamba alifariki kutokana na maradhi makali ya njia ya hewa yaliyosababishwa na kuishi muda mrefu katika ukungu wa nyumba yao, ambao baba yake aliwahi kuuripoti. Kutokana na kifo hicho ilitungwa sheria inayoitwa kwa jina lake, ambayo kuanzia tarehe 27 Oktoba 2025 inawawekea wenye nyumba za jamii England muda maalumu wa kuchunguza na kurekebisha hatari za unyevu na ukungu. Mwandishi analitaja tukio hili kwa sababu moja ya kiisimu: malalamiko ya mgeni hupuuzwa kwa wepesi yasipokuwa na umbo linaloweza kufanyiwa kazi. Kusema "nyumba ina baridi" ni kweli, lakini ni maelezo ya hali ya mtu. "Rejeta ya chumba cha watoto ni baridi chini na moto juu tangu tarehe 3, chumba kina nyuzi 14 saa 1 usiku, ukuta wa kaskazini una ukungu" ni maelezo ya hitilafu, na asiyeyafanyia kazi atatakiwa kujieleza.

Wajibu wenyewe si mpya. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985, kwa England, kinamtaka mwenye nyumba kutengeneza mitambo ya kupashia nyumba na maji joto katika mikataba mingi ya muda mfupi, na hawezi kuukwepa wajibu huo kwa kuandika vinginevyo katika mkataba. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka pia avikaguze vifaa vyake vya gesi kila mwaka na kumpa mpangaji nakala ya cheti cha ukaguzi. Mpangaji asiye na cheti hicho anaweza kukidai kwa barua fupi, nayo iandikwe yenye tarehe, kwa Kiingereza au kwa msaada wa mkalimani, na nakala yake ibaki nyumbani pamoja na picha ya saa ya presha na ya ukuta.